Hisa Ni Kiti

Mji mzima ulimfahamu Restuta kwa mikono yake. Uso wake wengi hawakuujua, kwa sababu dirisha la tiketi la Ukumbi wa Mkwaju lilikuwa dogo na limewekwa chini, usawa wa kiuno. Fundi aliyelijenga sijui alidhani tiketi zitauzwa na mbuzi. Ungeinama, ungepitisha hela, ungeona mikono miwili yenye pete moja ya shaba ikikukatia tiketi, ungesikia sauti ikisema "karibu ndani," basi. Watu walicheza dansi pale miaka karibu ishirini, wakachumbiana, wakaoana, wakaachana, na mama aliyewakatia tiketi wakipishana naye sokoni Majengo wanampita kama hawamjui. Hakulalamika. Restuta hakuwa mtu wa kulalamika hata kabla ya hayo yaliyompata.

Alizaliwa Mlali, upande wa Kongwa, kwa watu wa karanga na uwele. Silvano alimpata hukohuko. Chama cha ushirika kilikuwa kimemleta kutoka Dodoma mjini aandike jina la ghala lao jipya, na Restuta, aliyekuwa akitoka kuteka maji na dada zake, alimkuta juu ya ngazi, brashi mkononi, anachora herufi kubwa nyekundu huku anaimba. Wasichana wakasimama kumtazama. Naye akazidisha sauti, kama ilivyo kawaida ya wanaume wakitazamwa. Kisha akashuka ngazi, na dada zake Restuta wakaangua kicheko mpaka maji yakamwagika ndooni, na Silvano mwenyewe akacheka nao. Walicheka nini, Restuta alikuwa hakumbuki tena. Alikumbuka tu kwamba walicheka, na kwamba baada ya mavuno ya mwaka uliofuata alimfuata Dodoma akiwa mke wake.

Kampuni ya Mkwaju ilizaliwa miaka ya sabini, serikali ilipotangaza kwamba makao makuu ya nchi yanahamia Dodoma. Mji ulichanganyikiwa kwa furaha. Kila mwenye kibanda aliota ghorofa. Mzee Nathanaeli, mwenye mashamba ya zabibu kule Makutupora na mdomo usiochoka, yeye aliota ukumbi wa dansi. Alisema wakubwa wakihamia hawatakubali kushinda Jumapili wakitazama vumbi. Akaita watu, akawaeleza kwamba wachange waanzishe kampuni yao wenyewe, yenye ukumbi na bendi, na kila atakayechanga atakuwa mwanahisa. Watu wakamtazama tu. Wengi walikuwa wakulima na wafugaji waliokuja kuuza ng'ombe mnadani, Kiswahili chenyewe walikisema kwa kukitafuta, na hilo neno hisa lilikuwa geni hata kwa waliozaliwa nacho. Mmoja akauliza kama hiyo hisa inaliwa au inavaliwa. Mzee Nathanaeli akafikiri kidogo, akainuka, akakishika kiti alichokuwa amekalia na kukinyanyua juu watu wote wakione.

"Hisa ni kiti," akasema. "Ukinunua hisa moja, ndani ya ukumbi mna kiti chako kimoja. Kina jina lako. Awe mbunge, awe waziri, hatakikalia."

Hapo wakaelewa. Hisa zikaisha kabla ya mvua kuanza. Na nasema mapema ili tusije tukalaumiana mbele ya safari: maneno hayo mazuri ndiyo yaliyokuja kuimaliza kampuni.

Ahadi ilitimizwa. Viti vilichongwa, na Silvano akaitwa kuandika jina la kila mtu kwenye mgongo wa kiti chake, kwa rangi nyekundu, herufi zenye mkia. Malipo yake yakawa hisa moja. Jina lake mwenyewe aliliandika mwisho, kwenye kiti cha safu ya nyuma kabisa, kando ya mlango, kinachoegemea ukuta. Restuta akapewa dirisha la tiketi. Basi ikawa kila Jumapili mchana, bendi ikianza, mke yuko nje anakata tiketi na mume yuko ndani amekaa kitini kwake, na kati yao kuna ukuta wa matofali. Wimbo mzuri ukipigwa, Silvano alikuwa akiugonga ukuta kwa kisigino, mara mbili, ili mkewe ajue kwamba huo ni mzuri. Restuta alicheza dansi la miaka yote hiyo kwa namna hiyo, kwa kugongewa.

Palikuwa na desturi pale ukumbini ambayo sijaiona kwingine. Mwenye kiti akifa, kiti chake kiligeuzwa kikatazama ukuta. Hakuna aliyekigusa, hata kwa kitambaa cha vumbi, mpaka ndugu wamlete mrithi. Siku hiyo muziki ulisimamishwa katikati, mrithi akakigeuza kiti kwa mikono yake mwenyewe mbele ya watu, akakikalia, na tarumbeta ikapigwa. Hapo marehemu alikuwa amekwisha kuagwa na maisha yakaendelea. Mpaka hapo kiti kilikuwa msibani. Hakikuazimwa, hakikusogezwa, na kwenye mikutano ya kampuni hakikuwa na sauti. Mzee Nathanaeli alilisimamia jambo hilo kwa ukali kuliko alivyosimamia hesabu.

Na hesabu, kwa kweli, hakuna aliyezisimamia. Miaka ya ruksa ilipoingia, biashara zikafunguliwa milango, redio kubwa zikajaa madukani, vibanda vya video vikaota kila mtaa, na vijana wakaona kukaa kwenye benchi gizani wakitazama Wachina wanarushiana mateke ni raha kuliko kuvaa shati safi na kwenda dansini. Wabunge wakija kwa kikao ukumbi ulichangamka wiki mbili tatu. Wakiondoka, ulirudi kuwa mtupu. Wapiga gitaa wawili walikwenda Dar es Salaam kwa mapumziko na hawakurudi. Paa likaanza kuvuja. Mzee Nathanaeli alimwajiri mpwa wake kuwa meneja, na kazi ya meneja ilikuwa kukaa ofisini na ufunguo. Bendi ilibaki na Ulimboka, mpiga tarumbeta aliyekuja na treni zamani kutoka kusini akasahau kurudi kwao, na vijana wachache waliokuwa wakilipwa kwa maneno.

Katikati ya hayo Silvano akaumwa ini. Alipelekwa hospitali ya Mvumi, akalazwa, akafia huko alfajiri moja, Restuta akiwa ametoka nje kumtafutia uji. Aliporudi na kikombe, wakamwambia. Alikishika kile kikombe mpaka uji ukapoa, akaunywa mwenyewe kwa sababu haukuwa wa kumwagwa, na tangu asubuhi hiyo hakuna kitu kilichomwingia. Sijui niseme vipi. Si kwamba alikuwa na huzuni, huzuni angeijua. Alikuwa amekufa ganzi. Alizika, alianua tanga, binti yake Loisi alikuja kutoka Morogoro akalia, akarudi kwa mumewe, na Restuta alimsindikiza stesheni akiwa na macho makavu. Watu walimsifu kwa uvumilivu. Yeye alikuwa hajavumilia lolote.

Ulimboka alikigeuza kiti cha Silvano kikatazama ukuta. Ikawa sasa kiti kile kinamtazama Restuta kupitia matofali, kutoka upande wa pili, Jumapili baada ya Jumapili. Kila mtu alitarajia mjane aje akirithi. Alipoulizwa alisema, "Sawa, nitakuja." Hakuja. Hakukataa pia. Aliingia dirishani kwa mlango wa nje, akakata tiketi chache zilizokatika, akasikiliza muziki usiogongewa, akaenda nyumbani. Mwaka ukaisha hivyo, na wa pili ukaingia.

Alichobaki nacho Restuta kilikuwa neno moja. Sawa. Mwenye nyumba akija na maneno yake, sawa. Padri akimwambia aje jumuiya, sawa. Muuza nyanya akimpa zilizooza, sawa. Ni neno zuri, halichoshi, na kila anayeambiwa anaondoka akidhani amepata alichotaka.

Mwaka wa tisini na nne ndipo walipokuja wale watu. Walikuwa wafanyabiashara watatu wa Dar es Salaam, na wajanja wa aina mpya, ambayo Dodoma tulikuwa hatujaionja. Hawakuja kusema wanainunua Mkwaju. Walikuja kununua hisa, moja huku, moja kule, kwa wajane, kwa wastaafu, kwa waliofulia, mpaka siku sauti yao iwe kubwa kuliko ya mwenyeji. Wakiwa bado hata kiti cha kukalia hawana, walimwandikia Mzee Nathanaeli wakitaka mkutano mkuu, ambao hakuwa ameuitisha kwa miaka, wakitaka waone hesabu, wakitaka nafasi katika bodi, wakitaka meneja aondoke na bendi ivunjwe, ukumbi ugeuzwe ghala la soda na bia za jumla, na pembeni chumba cha video. Mzee alizisoma barua zao kwa sauti baa, watu wakacheka.

Mtu wao hapa mjini alikuwa kijana anaitwa Cornel, amesomea biashara, mpole, mwenye miwani, viatu vyake vinang'aa hata katika vumbi la Agosti. Ningependa nikwambie alikuwa tapeli, ingekuwa rahisi. Hakuwa. Siku alipokwenda kwa Restuta alifanya jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulifanya: alichuchumaa kabisa mbele ya dirisha ili amwone uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Pole kwa yaliyokupata. Nimeambiwa marehemu mzee Silvano alikuwa na hisa."

"Alikuwa na kiti," Restuta akasema.

"Ndiyo, kiti. Lakini mama, ngoja nikueleze ukweli, maana naona hawa wazee hawawaelezi. Kiti ni mbao tu. Siku ya mkutano kinachopiga kura ni ile karatasi, cheti. Mwenye karatasi ndiye mwenye kampuni, hata kama amesimama mlangoni. Asiye na karatasi, hata akalie viti vitano, ni mtazamaji."

"Sawa."

"Hii kampuni inakufa, mama. Paa unaliona. Mishahara unaijua mwenyewe. Mkimwachia mzee itaanguka, na hamtapata hata msumari. Sisi tunataka tuokoe jengo. Tuuzie ile karatasi."

"Sawa."

Cornel akasubiri. "Sawa utauza, mama, au sawa umesikia?"

"Sawa," Restuta akasema.

Kijana akaondoka, akawapigia simu wakubwa zake kwamba mjane amekubali. Cheti chenyewe kilikuwa nyumbani, ndani ya sanduku, chini ya brashi za Silvano, na sanduku lile Restuta alikuwa hajalifungua tangu msiba kwa sababu lilikuwa na harufu ya rangi. Hakuwa ameamua kukataa kuuza. Alikuwa tu hafiki penye sanduku. Cornel alirudi mara ya pili na ya tatu, akaambiwa sawa, mwishowe akachoka.

Jirani yake Restuta, Emilia, yeye hakuhitaji kurudiwa mara mbili. Emilia alipika chai na vitumbua karibu na stendi, mwanamke mnene, mchangamfu, aliyeamini kwamba kila mtu duniani anajaribu kumpiga kwa ujanja na kwamba bado hajapatikana wa kumweza. Alikuja jioni moja anacheka peke yake, akajibweteka kwenye mkeka.

"Mama Loisi, nimewapiga wale vijana wa Dar!"

"Umewapiga vipi?"

"Nimewauzia karatasi. Karatasi, dada'angu! Ile ambayo panya walikuwa wameanza kuila pembeni. Nikamwuliza yule Cornel, kiti changu je? Akasema kiti baki nacho mama, sisi hatuna shida na kiti. Nikampa upesi kabla hajageuza mawazo. Na si mimi tu. Mtaa mzima tumewauzia. Wamekwenda zao na karatasi, viti tunavyo. Sasa watakuja kukaa wapi, mapajani?"

Restuta alimsikiliza. Alikumbuka vizuri kabisa aliyoyasema Cornel dirishani. Maneno ya Cornel yalikuwa huku, ya Emilia huku, na hata mtoto angeona yanakwenda wapi. Akammiminia Emilia chai.

Siku chache baadaye akaja Mzee Nathanaeli mwenyewe, na fimbo yake na koti lake la mikutano. Sasa alikuwa ameamua kuuitisha huo mkutano, na alikuwa mwenye furaha.

"Mbukwa, shemeji."

"Mbukwa, mzee. Karibu."

"Sikai. Napita nyumba kwa nyumba. Nawaambia wenye viti wote waje, asikose mtu, kila mmoja akalie cha kwake. Nataka ukumbi ujae siku ile mpaka wale watu wakose pa kuweka makalio. Watajua kampuni hii ina wenyewe." Kisha akapunguza sauti, maana Silvano alikuwa rafiki yake. "Na wewe njoo ukigeuze kile kiti, shemeji. Imetosha. Namna ile hakina sauti, na mimi siwezi kuvunja desturi kwa ajili yako wala kwa ajili yangu."

"Sawa," akasema Restuta.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Sentensi moja ingetosha: mzee, watu wameuza karatasi. Mkutano ulikuwa bado, wengine walikuwa hawajauza, mzee angeweza kukimbia huku na huku, angeweza kutafuta wakili, angeweza hata kukaa mezani na wale watu wakakubaliana, ukumbi ubaki, bendi ibaki, na kiti kile kibaki mahali pake ukutani. Na Restuta alijua kwamba wale wakishinda, viti vyote vitatolewa nje. Cornel hakumficha hilo alipomrudia. Alitazama fimbo ya mzee ikichora duara vumbini. Ulimi ulikuwa kinywani mwake lakini ulikuwa mzito na mbali, na jambo lenyewe lilionekana kama linawahusu watu wa mji mwingine. Mzee akaaga, akaenda zake. Wapo wanaomlaumu Restuta kwa hilo mpaka leo.

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi. Upepo ulikuwa unavuma ule wa Dodoma unaokulisha vumbi kwa nguvu, lakini watu walikuja wamependeza kama siku ya Krismasi. Kila mtu alikwenda kwenye kiti chake, akakipangusa, akalisoma jina lake kwa sauti, akakaa. Ulimboka alipiga tarumbeta kidogo. Ukumbi ulijaa kuliko ulivyojaa tangu redio kubwa zije. Wafanyabiashara wale watatu walipoingia na Cornel na wakili wao hawakupata pa kukaa, wakasimama mlangoni, na watu wakawacheka waziwazi.

"Karibuni mkae!" Emilia akawapigia kelele. "Au mmesahau kununua na viti?"

Restuta aliingia kwa sababu Emilia alikuwa amemshika mkono njia nzima. Mfukoni mwa gauni mlikuwa na cheti. Emilia ndiye aliyelifungua sanduku asubuhi ile, akitafuta leso, akakiona, akakicheka, akamchomekea mfukoni. "Kaa nayo, labda na wewe utawapiga," alimwambia. Restuta alisimama karibu na mlango, ng'ambo ya kiti cha Silvano, na hakukitazama. Kilikuwa kule pembeni gizani, uso ukutani, kimefunikwa na vumbi.

Mzee Nathanaeli akasoma matakwa ya wageni: bodi yote ijiuzulu, bendi ivunjwe, ukumbi ugeuzwe ghala. Akatabasamu. Akauliza nani anapinga. Mikono ikainuka ukumbi mzima, hata kuta zikaonekana zina mikono, na kelele za furaha zikaanza kabla hajamaliza kuhesabu. Wakili akasubiri kelele zitulie. Alikuwa mtu mwenye adabu. Akaomba tu kwamba kila aliyeinua mkono aje mbele na cheti chake cha hisa.

Hakuna aliyesogea.

"Cheti si mlichukua nyinyi?" Emilia akasema, akacheka, akageuka kutafuta wenzake wa kucheka nao. "Sisi tunavyo viti. Hisa ni kiti. Mzee, waambie!"

Mzee Nathanaeli akafungua mdomo. Alimtazama Emilia, akatazama safu hadi safu, watu aliowafundisha mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kukinyanyua kiti juu. Nadhani alielewa yote mara moja, kwa sababu alikaa chini taratibu, na fimbo ikaanguka na hakuiokota.

Wakili akaanza kusoma majina ya hisa. Kila jina Cornel alijibu, "Tunayo." Jina, "Tunayo." Jina, "Tunayo." Na kila jina likisomwa, mwenyewe alikuwepo palepale, amekalia mbao yenye jina hilo, anamsikia kijana akilijibia. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Restuta alisikiliza kama anavyosikiliza mvua kwenye bati la jirani. Mzee alijibia hisa zake chache kwa sauti ndogo, akapinga, ikaandikwa. Kura ilikuwa imekwisha kuamuliwa na kila mtu alijua.

Kisha wakili akasoma, "Silvano."

Hakuna aliyekuwa amelitamka jina hilo mbele ya watu tangu kaburini. Watu husema marehemu, baba Loisi, mwenzako. Cornel hakujibu. Wakili akarudia jina, akauliza kama mwenye hisa hiyo yupo.

"Kiti hicho kiko msibani," akasema Mzee Nathanaeli bila kuinua kichwa. "Hakina sauti. Endelea."

Lilikuwa jambo la kushangaza: mtu anazama, na kura moja ya upande wake anaitupa mwenyewe, kwa sababu ya desturi. Wakili akashusha kalamu kwenye karatasi. Ndipo watu wakasikia mbao ikikwaruza sakafu kule nyuma. Restuta alikuwa amekishika kiti. Alikigeuza kwa mikono ile miwili ambayo mji mzima uliijua, vumbi likamwagika miguuni mwake, akakikalia.

Ulimboka, ambaye hakuwa ameambiwa na mtu, akapiga tarumbeta.

"Karatasi hii hapa," Restuta akasema. "Hapana."

"Hapana nini, mama?" akauliza wakili.

"Yote hayo mliyosoma. Hapana."

Ikaandikwa. Haikubadilisha kitu. Kabla ya adhuhuri Kampuni ya Mkwaju ilikuwa na bodi mpya, na Ulimboka alikuwa anafuta tarumbeta yake ambayo haikuwa na kazi tena. Cornel akatangaza, kwa upole wake, kwamba kampuni haihitaji viti, kila mtu ana ruhusa ya kuondoka na chake. Basi watu wakatoka, viti vichwani, majina mekundu yakipita juu ya barabara hadi Majengo, na wenye magari wakapunguza mwendo kushangaa. Emilia mpaka anafika nje alikuwa amekwisha kupata faraja. Alikipiga piga kiti chake.

"Si nilisema? Nimebaki nacho." Akatazama nyuma. "Mama Loisi! Unafanya nini humo? Twende!"

Restuta alikuwa bado amekaa. Kulikuwa na jambo linalomsumbua na hakulitambua mara moja. Magoti yake yalikuwa juu mno. Alijaribu kuyanyoosha, yakapanda tena, karibu na kifua, kama mtu aliyekaa kwenye kigoda jikoni. Akainama kutazama chini ya kiti. Miguu yote minne ilikuwa imekatwa kwa msumeno, na mahali pa kukatwa pamepakwa rangi nyekundu, vizuri, kwa brashi ndogo.

Emilia akaingia, kiti kichwani. "Una nini?"

"Kimekatwa," Restuta akasema.

"Si alikikata mwenyewe siku ya kwanza! Miguu yake ilikuwa inaning'inia, tukamcheka, akaenda kuleta msumeno. Hukujua?"

Restuta alikuwa nje siku hiyo, dirishani. Alirudisha mguu wake nyuma chini ya kiti. Kisigino kikagusa ukuta. Na papo hapo akawaona dada zake njiani Mlali na ndoo zao, na mtu mwenye sauti kubwa akishuka ngazi, anashuka, anashuka, mpaka anafika chini na kichwa chake hakipiti bega la Restuta.

"Alikuwa mfupi," akasema.

"Nani, Silvano? Kila mtu anajua alikuwa mfupi."

"Mimi nilikuwa nimesahau," akasema Restuta. "Emilia, nilikuwa nimesahau alikuwa mfupi." Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kifuani, na akalia kwa sauti kubwa, kilio kichafu cha msiba wa siku ya kwanza, huku kisigino chake kikiugonga ukuta, na kukiwa hakuna mtu upande wa pili.

Wale wafanyabiashara mlangoni walidhani analilia kampuni. Cornel akavua miwani, akawaomba wenzake wasubiri nje kidogo.